Mwaka wa Galoni Mbili

Siku ya arobaini ya Ma Batuli, baada ya kisomo kumalizika na sinia za mwisho kuondolewa, wanawake wa nyumba waliniita juu nikasaidie kugawa vyombo. Mimi sikuwa na haja ya chombo. Nimefundisha kemia bara zaidi ya miaka ishirini na mitano, na kabati zangu zimejaa vikombe ambavyo hata sijui nilivinunua kwa ajili ya nani. Lakini mtu akiitwa huitika, nikapanda ngazi zile zile za mawe, nikishika ukuta pale pale palipochimbika kwa viganja vya watu, na kabla sijafika juu pua yangu ilikwisha kufika. Ubani na mastaki. Nyumba ile imefukizwa mpaka boriti zake zinanukia. Niliishi humo, Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Kwa nini nilikaa kwa Ma Batuli na si kwetu, na yeye na mimi tulikuwa nani kwa nani, ni kisa kirefu cha watu wengine, nacho hakinisaidii hapa. Yatosha kusema kwamba alinipa chumba, alinilisha, na nusura aniharibie masomo, na hili la mwisho niliamini ameingia nalo kaburini bila kulijua.

Chumba changu kilikuwa juu ya jiko, chembamba, kitanda kimoja na sanduku moja, na dirisha lililotazamana na dirisha la Bi Swafia ng'ambo ya uchochoro. Ukinyoosha mkono kwangu na yeye akinyoosha wake, mngeweza kupeana limau. Mazungumzo ya nyumba mbili yalipita hapo kutwa nzima, na kwa kuwa dirisha la jiko lilikuwa chini yangu kabisa, mimi niliyasikia yote bila kutoa jasho. Asubuhi niliamshwa na mafuta ya mahamri yakilia kikaangoni, na mbaazi za nazi zikitokota polepole, na sauti ya Ma Batuli ikimjibu Bi Swafia kuhusu mimi. "Yule mtoto asoma nini hasa huko chuoni?" akauliza Bi Swafia siku moja. "Asoma rangi kupotea," Ma Batuli akamjibu. "Rangi kupotea? Mwaka mzima?" "Mwaka mzima." Bi Swafia akasema, "Leso zangu hupotea rangi kwa wiki moja, na sijamuona mtu aloniletea shahada." Nilicheka nikiwa nimejifunika mto. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na mahamri yakinisubiri chini, na mtu yeyote akiniuliza leo furaha ni nini nitamtajia chumba kile kabla sijataja kitu kingine.

Naye Bi Swafia hakuwa mbali na ukweli. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu kiyeyushi, yaani kile kimiminika ambacho vitu huyeyuka ndani yake, na jinsi kinavyoharakisha au kuchelewesha elektroni kuhama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Elektroni haionekani kwa macho. Kinachoonekana ni rangi. Nilichukua unga wa buluu wa maabara, ule wa kutia rangi vijidudu kabla ya kuvitazama kwa hadubini, na nikaukutanisha na vitamini C. Vitamini hutoa elektroni, buluu huzipokea, na ikishazipokea hupoteza rangi. Bika, yaani gilasi ya maabara, lililokuwa na wino linabaki na kitu kama maji ya kunywa. Kazi yangu ilikuwa kuweka karatasi nyeupe nyuma ya bika, kubonyeza saa, na kungoja. Ndani ya maji matupu rangi ilipotea upesi. Nikichanganya maji na spiriti ilikawia, na kadiri spiriti ilivyozidi ndivyo ilivyozidi kukawia. Elektroni yenyewe haina uzembe, ikiruka, imeruka. Wanaochelewesha ni majirani. Kila chembe yenye chaji imezungukwa na chembe za kiyeyushi zilizoigeukia kwa namna yake, na kabla elektroni haijahama wote hao hawana budi kujipanga upya. Mwalimu wetu, Bi Mwikali, alitueleza jambo hili kwa hesabu iliyojaza ubao mzima. Mimi nililielewa siku ya maulidi ukumbini kwa Ma Batuli, wanawake wamekaa mkekani goti kwa goti, mmoja akataka kumpa mwenzake kikombe cha kahawa. Hatua mbili tu kati yao. Kikombe hakikutoka mkononi mpaka wote wa katikati walipokunja miguu, wakavuta leso zao na kuinamisha vichwa, kisha kikapita mara moja.

Taabu ya mradi ilikuwa maji. Miaka ile mifereji ya kisiwani ilikuwa na siku zake, na chuoni kwetu mtambo wa kukeneka maji, yaani kuyasafisha kwa mvuke, uliwashwa Jumatatu na Alhamisi tu, siku ambazo mfereji ulikubali. Maji hayo yaliyokenekwa watu wa mjini huyaita maji ya betri, na yalipotoka kila mwanafunzi aliyagombea. Aliyeniokoa ni Bwana Charo, fundi wa maabara, mtu wa Kaloleni aliyehamia Miritini, mrefu, mpole, na mwenye koti jeupe lililotoboka mfukoni kwa asidi. Alinipa galoni mbili za kioo zenye vifuniko vya kizibo. "Dada Salma, hizi ni zako peke yako," aliniambia. "Moja ya maji, moja ya mchanganyiko wa spiriti. Siku ya mtambo nakujazia. Zikiisha nenda nazo kwenu, zioshe vizuri, zikaushe kifudifudi, urudi nazo. Hapa hatuna maji ya kuoshea hata kijiko." Basi kila Alhamisi jioni nilivuka mji na galoni mbili tupu kikapuni, nikaziosha kwa maji ya kisima cha uani, nikazisuuza kwa maji ya betri niliyoyaweka kando kwa kazi hiyo, nikazisimamisha juu chini kwenye rafu ya vyombo mpaka Jumatatu. Jumatatu jioni hivyo hivyo mpaka Alhamisi. Ma Batuli alizitazama mara ya kwanza, akaniuliza maji ya humo ni ya nani. Nikamwambia ni ya walimu. Nilikuwa na haraka, na sikutaka kuanza habari za elektroni wakati mchuzi wa samaki unapoa.

Miezi ya kwanza ilikwenda kama nilivyotaka. Kufika Agosti nilikuwa na daftari lililojaa nyakati, na nilipozichora kwenye karatasi ya miraba ndipo nilipoona kwamba nina mistari miwili badala ya mmoja. Vipimo vya Alhamisi vilitii: spiriti ikizidi, rangi inakawia, nukta zimejipanga kama waumini. Vipimo vya Jumatatu vilikuwa na wazimu. Maji matupu yalikuwa sawa, au karibu na sawa, lakini mchanganyiko wa spiriti ulipoteza rangi haraka kuliko ulivyopaswa, wiki hii haraka kidogo, wiki ijayo haraka mno. Nilishuku joto, nikanunua kipimajoto. Nilishuku chumvi ya kisima, maana chumvi huharakisha rangi kupotea. Nikapima chumvi kwenye galoni, hamna. Nikashuku macho yangu, nikamwomba mwenzangu abonyeze saa. Jumatatu ikabaki Jumatatu. Nilipomlalamikia Ma Batuli kwamba kuna siku moja ya wiki inayonipinga, alisonya akasema, "Jumatatu ni siku njema, alizaliwa Mtume. Usitie siku kombo, tazama mkono wako."

Bi Mwikali alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa chaki, asiyependa visingizio. Mwisho wa Septemba aliniita ofisini, akaiweka michoro yangu miwili mezani. Darasa letu watu wawili tu wangependekezwa kuendelea na shahada, na sote tulijua kwamba mradi ndio utakaoamua. "Mistari hii miwili haiwezi kuwa kweli yote," alisema. "Nakupa mpaka mwisho wa Oktoba. Usipojua kwa nini inatofautiana, uache mradi huu, nitakupa ule wa sabuni." Mradi wa sabuni ulikuwa wa kufaulu tu, hakuna aliyewahi kupendekezwa kwa sabuni. Nilitaka kuendelea kusoma kwa njaa ambayo leo naionea hata haya kuisema, na sikuwa na njia nyingine ya kuendelea isipokuwa hiyo. Wenzangu walinipa ushauri wa kirafiki: zichane kurasa za Jumatatu, baki na Alhamisi, nani atajua? Na Alhamisi zilikuwa zinakubaliana na kitabu. Nilikwenda nyumbani na wembe kwenye daftari, nikakaa kitandani, nikaufungua ukurasa wa kwanza wa Jumatatu. Chini Ma Batuli aliniita nikale. Kulikuwa na wali wa nazi na kunde, nikala sahani mbili, na niliporudi juu nilikuwa nimeshiba mno kuweza kudanganya. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba uaminifu wangu wa kisayansi ulianzia tumboni, wakadhani ni mzaha.

Jumatatu iliyofuata nilimwomba Bwana Charo asimame nami kutoka mwanzo mpaka mwisho, atazame mkono wangu kama Ma Batuli alivyosema. Akasimama. Alinitazama nikipima, nikichanganya, nikibonyeza saa. Rangi ilipopotea haraka kama kawaida yake ya Jumatatu, alichukua galoni ya spiriti, akaifungua, akamimina matone machache kiganjani, akasugua viganja viwili pamoja na kuviacha wazi mpaka spiriti ikakauka yote. Kisha akanusa. Akanitazama, akanusa tena. "Jumatatu kwenu kuna nini?" akauliza. Nikasema hamna kitu. "Na Ijumaa kuna nini?" Nikamwambia Ijumaa ni Ijumaa, watu wanaoga, wanavaa, wanafukiza, wanaume wanakwenda msikitini. "Wanafukiza nini?" Nguo, nikasema, na leso, na vyumba, na mitungi ya maji, na nilipofika hapo nikaigeukia galoni. Bwana Charo alininyooshea kiganja chake. Niliinama nikanusa na, Mungu shahidi wangu, sikusikia kitu. Nilinusa mkono wa mtu kama mkono wowote. "Husikii?" akauliza. "Huu ni ubani mtupu, dada." Ilibidi niende nje, nisimame upepeni kwa muda, nirudi nikanuse upya, ndipo nilipousikia, kwa mbali, kama sauti ya mtu unayemjua akiwa chumba cha pili. Nilikuwa nimeuvaa kwenye buibui, kwenye nywele, kwenye madaftari. Nilimuuliza yeye aliujuaje. Akacheka. "Mimi napita Kibarani asubuhi na jioni, na jaa lote lile lawaka. Pua yangu imesomea huko."

Msomaji asiyekulia Mji wa Kale huenda asijue ninachozungumzia. Kwa watu kama Ma Batuli chombo cha maji hakitiwi maji mpaka kifukizwe. Unatia makaa kwenye chetezo, juu yake ubani na mastaki, kisha unakishika chombo kimeinama juu ya moshi mpaka kijae, unakifunika moshi usitoke. Maji yakitiwa humo hupata harufu na ladha, na mgeni akinywa anajua kwamba anaheshimiwa. "Maji yasofukizwa ni maji ya kuogea," Ma Batuli alizoea kusema. Basi Ijumaa asubuhi, mimi nikiwa chuoni, yeye hupita na chetezo nyumba nzima, na akifika rafu ya vyombo anazikuta galoni mbili za kioo, safi, kifudifudi, kama zinazomngoja. Maji ya walimu wa Salma. Yatoke nyumbani kwake hivi hivi? Akazifukiza, kila Ijumaa, tangu mwezi wa pili, na hakunitajia kwa sababu jambo la adabu halitajwi. Galoni za Jumatatu jioni hazikufukizwa kwa kuwa zilirudi chuoni Alhamisi, kabla ya Ijumaa kufika. Na maji hayakuonyesha tofauti kwa kuwa maji hupita juu ya ubani yakachukua harufu tu, ilhali spiriti huung'oa kwenye kioo na kuondoka nao. Nilikuwa nikisoma mwaka mzima jinsi kiyeyushi kinavyobadilisha mambo, na kiyeyushi changu mwenyewe kilikuwa kimekwisha kuyeyusha nyumba niliyolala.

Bi Mwikali hakukubali pua ya Bwana Charo kuwa ushahidi, na alikuwa na haki. Alitaka tuyarudie makusudi: Alhamisi, siku ya utiifu, galoni ifukizwe, tuone kama Alhamisi nayo itashikwa na wazimu. Kwa hiyo niliiba. Ndani ya kabati la Ma Batuli kulikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa ubani, nikachukua kipande kama ukucha wa gumba na mastaki punje tatu, nikavifunga kwenye ncha ya leso. Nyuma ya maabara Bwana Charo aliwasha vipande viwili vya makaa ndani ya kifuniko cha mkebe wa maziwa, akaniachia kazi iliyobaki kwa kuwa, alisema, hiyo haikufundishwa chuo chochote alichosoma yeye. Niliinamisha galoni juu ya moshi kama nilivyomwona Ma Batuli akifanya mara mia. Mkono wangu ulijua wenyewe. Harufu ikaingia maabara nzima, ikapanda ngazi, na Bi Mwikali akateremka akiwa na miwani mkononi. "Nani anaolewa?" akauliza. Tulipima galoni tatu, zangu mbili na moja aliyoongeza Bwana Charo: moja imefukizwa kidogo, moja sana, na ya tatu haikufukizwa kabisa. Ile isiyofukizwa ilikawia kama kitabu kilivyosema. Iliyofukizwa kidogo iliharakisha kidogo. Iliyofukizwa sana rangi yake ilikimbia kama mwenye kudaiwa. Huenda moshi una vitu ambavyo navyo hutoa elektroni, Bi Mwikali alisema, akaandika swali hilo pembeni mwa daftari langu kwa kalamu nyekundu, na lile "huenda" lake ndilo lililonifanya nitake kuwa mwalimu. Kisha akaniambia niandike kwa nini Jumatatu zimewekwa kando, na nisifute hata moja.

Niliandika sentensi moja tu. Kwa Kiingereza cha vitabu niliandika kwamba vyombo vya Jumatatu vilichafuliwa na moshi wa nyumbani. Vilichafuliwa. Lilikuwa ndilo neno sahihi, na hakuna mtu wa maabara angeliandika vingine, lakini niliandika nikiwa nimekaa mezani kwa Ma Batuli na yeye yupo mbele yangu akinikatia mkate wa sinia, akinihimiza nile kipande cha katikati. Hakuwa akisoma Kiingereza. Niligeuza karatasi hata hivyo.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia aache, na hilo sikuliweza. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza Bi Swafia alichungulia dirishani, nikanyamaza. Mara ya pili nilianza vizuri, nikasema, "Ma, zile galoni," na yeye akaniwahi: "Walimu wako wasemaje? Maji wayapenda?" Uso wake ulikuwa umejaa kungoja kusifiwa. Nikasema wanayapenda. Basi nikatafuta njia ya mwoga. Alhamisi iliyofuata nilizipeleka galoni nyumbani zimefunikwa kwa khanga, nikaziosha yeye akiwa anaswali, nikazifungia sandukuni chini ya nguo zangu. Ijumaa ile sikuwa na kipindi, nikawa nyumbani, na hiyo nayo ilikuwa adhabu. Nilimsikia akipanda na chetezo, akifukiza pazia, akifukiza mitungi, kisha akasimama mbele ya rafu, akaniita niende. "Salma! Ndoo hapa. Galoni zako zi wapi leo?" Nikamwambia zimebaki chuoni, siku hizi huoshwa huko huko. Alisimama kidogo na chetezo kinafuka moshi mkononi mwake, pasipo chombo cha kukifukiza. "Haya," akasema. "Lete hilo buibui lako." Akalifukiza mara mbili. Nililia usiku ule, na najua leo kwamba nililia kwa sababu nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Nilipendekezwa. Siku majina yalipobandikwa Ma Batuli alipika pilau, akamwagia Bi Swafia habari dirishani kabla sijavua viatu. "Ile rangi imekwisha kupotea?" Bi Swafia akauliza. "Imepotea vizuri," Ma Batuli akamjibu, "na yuwenda kusoma zaidi." Bi Swafia akasema basi atamletea leso zake akirudi. Idi iliyofuata nilimwalika Bwana Charo nyumbani, naye akaja amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alikula kama mtu aliyealikwa kwa moyo mweupe, akasifu biriani, akanywa maji ya mtungi mpaka tone la mwisho, na mimi nikiwa jikoni kutafuta visahani niliwaacha yeye na Ma Batuli peke yao kwa dakika chache. Niliporudi walikuwa wakizungumza habari za bei ya nazi. Miezi michache baadaye nilifunga sanduku langu nikaenda bara. Galoni moja ilivunjika njiani siku moja ya mvua. Ya pili niliiacha rafuni, nikaisahau.

Nakuambia nimeisahau, na hivyo ndivyo nilivyopanda ngazi siku ya arobaini, bila kuiwazia. Amina, mjukuu wa Ma Batuli, ndiye aliyekuwa akitoa vyombo kabatini: bilauri za Kizungu, sinia za shaba, mitungi mitatu, chetezo chenyewe kimeungua mpaka kimekuwa cheusi. Nyuma kabisa, imefunikwa kitambaa, akatoa chupa kubwa ya kioo yenye kizibo, shingoni imefungwa uzi wa buluu. Niliitambua kwa mkwaruzo wa ubavuni. "Hii sijui tumpe nani," Amina akasema. "Hii bibi alikuwa hataki ifukizwe. Mimi n'likuwa mdogo, nikaitia moshi Ijumaa moja nikidhani namsaidia. Alinifokea, kisha akaiosha kwa majivu na maji ya moto kutwa nzima. Akanambia hii ni ya kusomea, haitaki moshi." Nikamuuliza ni mwaka gani huo. Alihesabu vidoleni, akaniambia alikuwa darasa la tatu. Amina ana watoto wawili sasa.

Nilishuka. Bwana Charo alikuwa barazani na wanaume, amekuja tangu asubuhi kutoka Miritini kutoa rambirambi, nywele zote nyeupe, fimbo katikati ya magoti. Nilimvuta pembeni, dakani karibu na mlango, nikamuuliza kama aliwahi kumwambia. Hakujifanya hajui ninauliza nini. "Siku ile ya Idi," alisema. "Ulikwenda kutafuta visahani. Aliniuliza kama walimu walikuwa wakiyapenda maji yake, na mimi, mwalimu wangu, sikuweza kusema uongo nimeshiba biriani ya mtu. Nikamweleza." Alisema nini? "Aliniuliza, mtoto alikaribia kufeli? Nikamwambia alikaribia, lakini alifaulu. Akasema, basi usimwambie kama mimi n'najua, atahuzunika." Bwana Charo aliegemea fimbo yake. "Kisha ukaingia, na yeye akaanza habari za nazi."

Nilirudi juu. Wanawake walikuwa wamenisubiri, Amina bado ameipakata galoni. Nilisema, kama hakuna mwingine anayeitaka, nitaichukua mimi. Hakuna aliyeitaka. Nilikaa nayo dirishani, mkabala na dirisha la Bi Swafia ambalo sasa limezibwa kwa matofali, nikafungua uzi, nikakitoa kizibo taratibu. Kuta zilikuwa zinanukia ubani, mkeka ulikuwa unanukia ubani, mikono yangu mwenyewe niliyokwisha kushikia vyombo ilikuwa inanukia ubani. Nikatia pua yangu kwenye mdomo wa galoni nikavuta pumzi mpaka mwisho. Nikatoka nje upenuni, nikasimama upepeni kama nilivyofanya siku ile chuoni, nikarudi nikavuta tena ili niwe na hakika. Haikuwa na harufu yoyote.